Mstari Ulionyooka

Kwa mara ya nne asubuhi hiyo, kiti cha Mzee Toroka kilikuwa kitupu.

Meneja alikitupia jicho baya, akaitazama saa yake, akaandika. Siku sita mfululizo mzee alikaa kitini dakika tano, kisha dakika kumi hajulikani aliko.

"Jina la Toroka hakulipata bure," alisema. Mtaalamu akacheka, maana aliyesema ni bosi.

Mtaalamu huyo ndiye aliyeileta mashine mpya kwenye kisima kile cha mafuta. Zamani gesi ya chini ilizuiwa kwa uzito tu wa tope linalomiminwa kisimani. Sasa mdomo wa kisima umezibwa, tope linarudi kwa kupitia vali moja, na mashine inaibana na kuilegeza ili presha itulie. Presha ikishuka, gesi inapanda juu. Ikizidi, mwamba unapasuka. Katika ripoti ya mtaalamu, faida za mashine zilijaza kurasa kumi na mbili. Hasara zilitosha kwenye mabano.

Mzee Toroka akaingia akihema, viganja amevizungushia kitambaa chekundu.

"Ulikuwa wapi?"

"Kazini, bosi."

"Kazi yako iko hapa, mbele ya skrini!"

"Hii mashine yenu ina macho mazuri, sikatai. Ila haina mikono. Nawaambia tangu Jumatatu."

Wakaangua kicheko. Mtaalamu akaigusa skrini, mstari wa presha umenyooka siku zote sita.

"Mzee wangu, hebu tazama mwenyewe. Unauona mkono wa mtu hapo?"

"Nauona."

Wakacheka hadi machozi. Meneja akajifuta, akatoa barua ya kumwachisha kazi mtoro. Mzee alibakiza miezi miwili tu astaafu, na kwa barua ile kiinua mgongo chake chote kilikwenda na maji. Aliisoma mara mbili. Kisha macho yake yakaenda mlangoni.

"Sawa, bosi, nifukuze. Lakini niruhusu nitoke nje dakika moja tu. Au mtume mtu akai…"

"Umetoroka vya kutosha! Askari, mfikishe getini."

Gari lilipoondoka naye, meneja alipiga makofi peke yake. Akataka picha ya kupeleka makao makuu, na mtaalamu akatoka mbio kubandika nembo ya kampuni yake kwenye vali, ambayo hakuwa ameikaribia tangu siku ya kwanza.

Mrija wa mashine wa kuiendesha vali ulikuwa umelala chini, mdomoni bado una kifuniko cha kiwandani. Gurudumu la kuigeuzia vali kwa mkono lilikuwa limezungushiwa kipande kingine cha kitambaa kilekile chekundu, kimelowa jasho.

"Mtaalamu!" meneja akaita kutoka dirishani, kwa furaha. "Mstari wako umeanza kuinama. Hebu iambie mashine iunyooshe!"