Bado Mmoja

Fundi cherehani alisimama maji yakimfika magotini, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kuogelea hakujui hata kwa kudanganya. Mashemeji zake wawili, dada za mkewe, walikuwa wanazama mbele ya macho yake, na alichoweza ni kujishika kichwa.

Aliyejitosa ni dereva wa gari la mikate, mtu baki kabisa, aliyekuwa amekaa kwenye ukuta wa ufukweni akipunga upepo. Alivua viatu huku anakimbia. Mawimbi yalimrusha huku na kule, lakini alimfikia shemeji mkubwa, akamburuta hadi mchangani. Akarudi, akamleta mdogo. Watu wakapiga makofi. Yeye akaanguka kifudifudi, akitapika maji ya chumvi.

"Bado mmoja!" fundi akalia. "Mke wangu!"

Dada hao watatu waliingia baharini pamoja, wamejifunga vilemba vya rangi ya machungwa alivyowashonea fundi mwenyewe kutoka jora moja, ili asiwapoteze machoni. Sasa kilemba cha tatu kilionekana mbali, kikiibuka na kuzama.

"Hapana, kaka," dereva akasema. "Mikono imekufa. Nikirudi sitoki."

Fundi akampigia magoti, akamshika miguu. "Nakuomba, ndugu yangu. Nina nani mwingine mimi? Yule pale, unamwona!"

Shemeji mdogo alimvuta fundi shati. Alikuwa anakohoa mfululizo, neno halitoki, ananyoosha kidole kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Fundi akaushusha mkono wake taratibu.

"Tulia, shemeji. Pumzika. Dada yako ataletwa sasa hivi."

 Dereva akainuka akipepesuka, akaingia tena.

Alifika pale pale kwenye kilemba, akapiga mbizi. Mara ya kwanza aliibuka mikono mitupu, akavuta pumzi, akazama tena kutafuta. Mara ya pili hakuibuka.

Fundi akamwita, akamwita. Waliopiga makofi walikuwa wanatazamana. Hakuna aliyesogelea maji. Akalia kwa sauti: mke amekwenda, na mwana wa watu amekwenda naye.

Mkono ukamgusa begani. Akageuka. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, kichwa wazi, kavaa gauni kavu.

"Mume wangu, mbona unalia hivyo?" akauliza. "Nani amezama?"