Mhubiri Asiingie

"Mnyang'anyeni pasipoti kabla hajafungua mdomo," mama mmoja fundi cherehani alimwambia ofisa wa uhamiaji pale uwanja wa ndege. Utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni. Alitoka dukani mbio, akaacha gauni la bibi harusi lina mkono mmoja.

Upande wa pili wa kioo alikaa mhubiri wa kigeni, mzee mnene wa kofia. Alikwishampisha mwanamke mjamzito kiti, akahamia benchini, na sasa alimsalimia kila apitaye, hata mfagiaji, hata mbwa wa askari.

"Ndiye huyo?" ofisa akauliza.

"Ndiye. Usione anacheka, binti yangu. Kazi yake kutukana huku anatabasamu."

Ofisa, aliyekuwa amevua kiatu kimoja chini ya meza, akavuta fomu. Sheria aliijua: mgeni anayehubiri chuki haingii. Lakini ushahidi lazima.

Mama fundi akachomoa simu kifuani.

Mwaka jana mhubiri alikuja mara ya kwanza, uwanja wa mpira ukajaa mpaka ukutani. Mama alikaa safu ya mbele, si kwa kupenda mahubiri, bali kwa sababu mkalimani alikuwa mwanawe wa pekee. Kijana alifanya kazi miaka minne katika kiwanda cha mablanketi huko kwao mhubiri, akarudi na lugha ambayo mtaani kwao hakuna mwingine aliyeijua hata salamu yake.

Mama aliona fahari kwa dakika tano hivi. Ndipo maneno yakaanza kutoka: watu wa ng'ambo ya reli ni kunguni, na kunguni habembelezwi. Wiki ile ile kibanda cha fundi viatu, mtu wa ng'ambo ya reli, jirani yake wa miaka kumi na mmoja, kikavunjwa. Mwenyewe akashonwa kichwani.

"Nyuzi saba," mama alisema. "Na mimi nyuzi nazijua. Zile walizishona ovyo."

"Na mwanao anasemaje?"

"Atasema nini? Tangu nimpelekee fundi viatu shuka hospitalini, hasemi na mimi. Aibu ya maneno aliyolazimishwa kuyatafsiri. Ananipita mlangoni kama nguo iliyoanikwa. Tarishi hafungwi kwa barua aliyobeba, sivyo?"

"Sivyo, mama."

"Basi. Namtaka mwanangu arudi alivyokuwa. Huyu akimpata mara ya pili, mimi sina mtoto tena."

Wakaitazama video ya mkutano ule pamoja. Mhubiri alisema sentensi moja, kijana akaitafsiri mpaka ofisa akapata nafasi ya kujikuna mguu.

"Mbona mwenyewe anasema kidogo na mwanao anasema sana?"

"Lugha yao fupi hiyo. Sisi ndio tuliojaliwa maneno."

Mhubiri akatandaza mikono kama anayekumbatia umati wote, akapangusa macho kwa leso. Kijana akatafsiri: wafukuzeni.

"Analia," ofisa akasema.

"Machozi ya mamba. Piga muhuri, binti yangu, gauni la watu linanisubiri."

Ofisa akauinua muhuri, kisha akauacha hewani. Chini kabisa ya fomu palikuwa na mstari mtupu: sahihi ya shahidi anayejua lugha ya mgeni.

"Mwite mwanangu," mama akasema. "Yuko hapo nje ya mlango, kaja kumpokea na shada la maua. Mwambie amelazimishwa yatosha, leo aseme kweli."

"Ndugu wa mlalamikaji haruhusiwi. Sheria."

Aliyepatikana ni karani wa tiketi, mtu mzima aliyesomea huko kwao mhubiri. Alikuja akitafuna, akaweka simu sikioni. Baada ya muda kidogo akacheka.

"Unaona?" mama akamnong'oneza ofisa. "Humchekesha kila mtu kwanza."

Karani akairudisha video nyuma, akasikiliza tena. Mara ya tatu aliacha kutafuna.

"Anasimulia habari ya mbuzi," akasema.

"Mbuzi ndio sisi?"

"Hapana, mama. Mbuzi ni mbuzi. Anasema alipokuwa mdogo mbuzi wao alikula mboga za jirani, wazazi wake na jirani wakanuniana miaka miwili, mpaka mama yake akamshika mkono wakaenda kuomba radhi. Anasema hadhani kuna jambo zuri zaidi aliloliona maishani. Hapa anapolia, anawaomba mkitoka uwanjani mpite kwa jirani mliyekosana naye."

"Na kunguni?"

"Kunguni humu hamna. Reli hamna. Kufukuza hamna. Mzee kasema mbuzi tu, mwanzo mpaka mwisho."

Kule benchini mhubiri aliona wanamtazama wote watatu, akavua kofia akawapungia.

Ofisa akakisaka kiatu chake kwa mguu, akakivaa. Akageuza macho kwenye mlango wa kutokea, ambako kijana mwenye maua alikuwa anasukumana na watu apate nafasi ya mbele.

"Mgeni ningemrudisha kwao, mama," akasema taratibu. "Huyu wa kwako nimrudishe wapi?"