Ngiri Amfundisha Korongo Kusimama

Ngiri alifungua darasa la kung fu ya Kichina, na alichojivunia zaidi ni mtindo wa korongo, aliojifunza kwenye picha ya kalenda. Kila asubuhi wanafunzi wake, Nungunungu na Kanga, walimwinamia, kisha walisimama kwa mguu mmoja mpaka magoti yakatetemeka.

Siku moja Korongo mwenyewe alitua hapo kupumzika, akakunja mguu mmoja.

"Wewe!" Ngiri alifoka. "Goti liko chini mno. Korongo hasimami hivyo!"

"Samahani, Mwalimu," alisema Korongo, ambaye hakupenda ubishi. "Nimezoea vibaya tangu utotoni."

"Ndiyo maana nipo. Na hayo mabawa yabane! Kwenye picha korongo hapepei."

Korongo akainama kwa adabu, akajiunga na darasa. Wiki nzima alikosolewa shingo, kucha, hata namna ya kupumua. Mtihani ulipokuja, akashika mkia.

Ngiri alikuwa bado anamsomea makosa yake pale Chui alipochomoza kichakani. Nungunungu akasimamisha miiba, Kanga akapotelea nyasini, Korongo akapaa. Ngiri peke yake ndiye aliyeinua mguu mmoja na kunyoosha shingo yake fupi. Akaanguka kifudifudi. Alipoinuka alitimua mbio mkia juu, Chui nyuma yake, mpaka akajitosa shimoni matako yakitangulia.

Kutoka angani sauti ya upole ikamfuata: "Samahani, Mwalimu! Korongo hakimbii hivyo!"