Grinlandi Kwenye Ukuta wa Shule

Haya alinisimulia juzi mke wa mwanangu mdogo, tukikunja nguo.

Wanangu wawili huchora ramani za dunia kwenye kuta za shule. Mkubwa hufuata karatasi ya ramani aliyoachiwa na marehemu baba yao. Siku moja mdogo alikwenda na tufe la dunia la plastiki na uzi wa kupimia.

"Kaka, pima mwenyewe. Grinlandi inaingia Afrika zaidi ya mara kumi, nawe umezichora kwa ukubwa sawa!"

"Shika adabu. Kwa hiyo baba alikuwa mjinga?"

"Mzee alidanganywa na karatasi." Akapanda ngazi, akaifuta Grinlandi yote kwa chokaa.

Mkubwa akaipiga ngazi teke.

Mdogo aliangukia mkono wake wa kuchorea. Mfupa ulitoboa ngozi ukatokeza mweupe, damu ikachanganyika na rangi ya bahari sakafuni. Mkubwa akamkanyaga vidole vya mkono uleule.

"Sema baba hakudanganywa!"

Mdogo alikataa.

Hospitalini waliambiwa mkono huo hautashika brashi tena. Mkubwa akakaa kando ya kitanda, akilia kwa kwikwi.

"Kaka, kesho ukapime Grinlandi kwenye tufe," mdogo alimwambia.

Mkubwa alingoja mdogo wake apitiwe na usingizi, kisha naye akajilaza sakafuni bila kuvua viatu, akalala.