Miaka Mitatu kwa Mkupuo

Namba nne za mwisho za kadi zilikuwa zile zile. Alizisoma mara tatu, akazisoma kinyumenyume, na bado zilikuwa za kadi ya mumewe.

Ilikuwa orodha ya kawaida tu. Kila mwezi kampuni ya kuhifadhi tovuti aliyoifanyia kazi ilimpa majina ya wateja ambao mikataba yao ilikaribia kwisha, awapigie simu na kuwauliza wangependa kuendelea vipi: walipe kwa mwezi, kwa mwaka au kwa miaka mitatu, kwa simu, kwa kadi au kupitia benki. Mteja wa kumi na mbili alikuwa mwanamke, mpiga picha. Tovuti yake ililipiwa miaka mitatu kwa mkupuo. Kadi iliyolipa ilikuwa ya fundi lifti mmoja ambaye asubuhi ile ile alikuwa amempigia pasi blauzi aliyovaa.

Mwaka ule ule wa malipo ndipo fundi huyo alipoanza kumchumbia, tena akimwapia kwamba hana mtu mwingine. Alihesabu miezi kwa vidole chini ya meza. Wivu ulimpanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Ofisini walimwita Daktari wa Malipo, kwa sababu alidai anaweza kumjua mtu kwa namna anavyolipa. "Wa kila mwezi, mguu mmoja uko nje," aliwaambia wageni kazini. "Wa mwaka, amechumbia. Wa miaka mitatu kwa mkupuo, huyo ameoa." Walikuwa wakicheka, naye alicheka nao. Leo hakuona cha kuchekesha. Yeye mwenyewe alikuwa na tovuti ndogo hapo hapo, ya mapazia aliyoshona siku za mapumziko, na mumewe ndiye aliyeilipia: kwa mwezi, kwa simu, kila tarehe tano baada ya chakula. "Nimelipa yako," mume husema, kisha huendelea kuondoa vyombo mezani. Kumbe mwenzake ameolewa, yeye amepangishwa kama chumba cha uani.

Hakumpigia mpiga picha siku ile. Alimruka, akaenda nyumbani kuanza uchunguzi.

Kwa wiki tatu alipekua simu ya mumewe kila mara mwenyewe alipoingia kuoga. Alinusa mashati. Aliuliza ni lifti gani hiyo inayoharibika kila Ijumaa. Siku moja alimfuata mpaka kwenye jengo alilosema yuko, akamkuta ndani ya shimo la lifti, amejaa grisi mpaka kwenye nyusi.

"Umekuja kunisalimia?" fundi aliuliza kutoka chini.

"Nilikuwa napita tu."

Mume hakugomba. Jioni alimpa simu yake mkononi, akamwambia, "Namba ya siri nimeweka tarehe yako ya kuzaliwa, usihangaike tena." Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mtu asiye na hatia, aliwaza, angefoka japo kidogo.

Mwisho wa mwezi meneja alipitia orodha na kugonga jina la kumi na mbili kwa kalamu. "Huyu vipi, Daktari? Mkataba wake unaisha Jumamosi." Hakuwa na pa kujificha. Alivaa visikilizio, akapiga.

"Habari za asubuhi, dada. Napiga kutoka kampuni inayohifadhi tovuti yako. Tukuwekee miaka mitatu tena?"

"Hapana, dada yangu. Safari hii nalipa mwenyewe. Niwekee kwa mwezi, kwa simu."

"Lakini miaka mitatu ina punguzo." Alikaza macho kwenye zile namba nne. "Na aliyekulipia mwanzo labda atapenda kulipa tena."

Mpiga picha alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Huyo harudi. Tulipokuwa pamoja alikuwa ananilipia kila mwezi, hakukosa hata mara moja. Mimi nikamwona bahili. Kumbe ndiyo njia yake ya kunikumbuka. Nikaharibu mwenyewe. Nilikuwa na wivu, dada, usiombe. Napekua simu, namfuata mpaka kazini. Na wala hakuwahi kunigombeza. Siku moja akalipa miaka mitatu kwa mkupuo, akaniambia nisiwe na wasiwasi, tovuti haitazimwa. Alikuwa ameshafunga begi. Sijamwona tena."

Daktari wa Malipo aliegemea kiti. Mzigo wa wiki tatu ulimtoka mabegani, na badala yake ikaja aibu. Aliona aibu kwa ajili ya mashati, na kwa ajili ya lile shimo la lifti. Mume wake hakuwa na mtu. Alikuwa na mkewe tu, mwezi baada ya mwezi, na Daktari alikuwa akiusoma ugonjwa kichwa chini miguu juu. Jioni angemwomba radhi. Angeanza na maneno yenyewe kabla ya kuvua viatu, asije akapoteza ujasiri.

"Nimekuwekea kwa mwezi," alimwambia mpiga picha, na kwa mara ya kwanza alimwonea huruma. "Kazi njema, dada."

Alivua visikilizio. Meneja alikuwa amekwenda meza nyingine, na hakuna aliyemtazama. Basi, kwa furaha tu, alifungua akaunti yake ya mapazia ili azione risiti zake zote za tarehe tano, zilivyopangana bila kuruka mwezi.

Ya juu kabisa haikuwa ya tarehe tano. Ilikuwa ya leo, saa mbili na dakika kumi asubuhi, kwa kadi: miaka mitatu.