Themanini ya Ensio

Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari ndani ya lifti nilipoiona karatasi ya programu mkononi mwa Ensio, mwenzangu mpya kazini. Kwenye mstari wa breki, ile alama ya dola mbele ya namba haikuwepo.

"Umeigusa programu yangu?"

"Nimeisafisha tu, dada. Hizo dola zako zilikuwa zinachafua ukurasa."

Kiwandani kwetu Tampere, tunakotengeneza lifti, aliyeandika programu ya breki ndiye anayepanda lifti kwanza kuijaribu. Mimi hupanda na kikombe changu cha kahawa, na hakijawahi kumwagika.

"Bila ile alama, mashine inahesabu kwa kumi kama muuza samaki," nikamwambia. "Mimi niliandika themanini ya kuhesabu kwa kumi na sita. Hiyo ni nane mara kumi na sita: breki zinashika sentimita mia na ishirini na nane kabla ya sakafu. Yako ni themanini kavu. Breki zitachelewa karibu nusu mita."

"Kule nilikotoka mashine ilikuwa inajua yenyewe."

"Hii haijui."

"Acha uoga bwana."

Nikautoa mguu. Nikauzuia mlango kwa kiwiko, nikanywa kahawa yangu.

"Programu sasa ni yako. Karibu upande."

Ensio akacheka, akaingiza kiatu kimoja. Kati ya sakafu na lifti palikuwa na upenyo wa kidole, na upepo wa baridi kutoka shimoni ulikuwa unachezesha kamba ya kiatu chake. Akaitazama ile kamba.

"Dada," akasema, "una kalamu?"