Jembe na Nyumba

Pigo la kwanza la mpini wa jembe lilimpata Anyelwisye begani, la pili likamvunja mkono. Fundi huyo wa nguo, mtu wa Mbeya mwenye kibanda karibu na soko la Sumbawanga, alianguka pamoja na cherehani yake.

"Nyie watu wa mjini!" Felisiani alifoka. "Mnakula tunacholima, halafu mnatuchagulia Kasimiri awe mbunge wetu!"

Felisiani hakuwa mtu wa ugomvi. Lakini mwaka jana, sabini na nne, mwaka wa operesheni ya vijiji, Kasimiri ndiye aliyekuja na mgambo kuwahamishia watu kijiji kipya kando ya barabara ya Laela. Waliogoma walipigwa kama mbwa koko. Nyumba zilitiwa kiberiti, ulezi ukiwa bado darini. Mama yake, bibi Zita, alikokotwa nje nywele zikiungua. Tangu siku hiyo bibi wa watu alikuwa akilala kwenye kibanda cha nyasi kinachovuja, na Felisiani hakuwa na ombi jingine kwa Mungu ila Kasimiri aanguke.

Uchaguzi ulipofika alifurahi kama mtoto. Kwa ajili ya wasiojua kusoma, karatasi ya kura ilikuwa na picha mbili. Kasimiri alipewa nyumba. Mpinzani wake, mwalimu Leonardi, akapewa jembe. Kumpigia mtu debe kituoni kulikatazwa, na mgambo alisimama mlangoni na rungu, kwa hiyo Felisiani alimnong'oneza mama yake maneno machache tu.

"Kuna jembe na kuna nyumba, mama. Sisi ni wakulima. Unajua pa kuweka alama."

"Najua sana, mwanangu," alisema bibi Zita, machozi yakimlengalenga. Wanawake waliopanga mstari nyuma yake, wote waliochomewa, wakatikisa vichwa kukubali.

Nani kijijini angemchagua mtu aliyemchomea nyumba? Sasa Kasimiri ameshindaje, kama si hawa wa mjini? Felisiani aliinua mpini tena.

"Ndugu, nenda kasome kwanza!" Anyelwisye alilia, damu ikimtoka puani. "Matokeo yamebandikwa ukutani pale ofisi ya wilaya, sanduku kwa sanduku. Sisi tulimkataa! Tuliwaona ndugu zenu wakija kuomba blanketi, wameungua. Mjini kote ni jembe. Nyumba imetoka huko kwenu!"

Felisiani alikwenda akasoma. Akarudia mara tatu, kidole kikifuata mistari ukutani. Mjini, jembe. Kijijini kwao, watu mia nne na zaidi, jembe lilikuwa na kura kumi na moja.

Alidandia lori la mahindi kurudi nyumbani, mpini ukiwa bado mkononi, una damu ya fundi. Aliapa kwamba aliyehongwa, hata awe nani, atamvunja miguu yote miwili.

Alimkuta mama yake nje ya kibanda. Alikuwa amefagia uwanja, akapanga mawe manne, moja kila pembe.

"Shikamoo, mama. Siku ile, alama uliweka wapi?"

"Kwenye nyumba, baba," alijibu, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu moto ule. "Na wenzangu wote. Jembe si ninalo? Wanakuja lini kutujengea?"